Chagua Pwani Kwanza, Hoteli Baadaye: Mwongozo wa Mapumziko ya Utulivu Barbados

Barbados ni kisiwa kidogo kilichoko mashariki kabisa mwa visiwa vya Karibi. Urefu wake ni kilomita 34, upana wake 23, na wakazi wake hawafiki laki tatu. Ukitoka ufukwe wa magharibi kwa gari, unafika ufukwe wa mashariki kabla ya saa moja kutimia. Hata hivyo, katika udogo huo zimo bahari zenye tabia mbalimbali. Upande mmoja maji yametulia, na mzazi anaweza kumfundisha mtoto kuogelea bila kupambana na mawimbi. Upande wa pili mawimbi huvunjika kwa kishindo, na mikondo yake humbeba hata mwogeleaji hodari.

Wageni wengi hukosea hapo. Huangalia picha ya kitanda cheupe, hulinganisha bei, hulipa, kisha hufika na kukuta bahari ya mbele ya chumba haiogeleki, au ufukwe umejaa mwani, au muziki wa baa unapigwa hadi usiku wa manane. Hoteli kubwa huweza kuifunika kasoro hiyo kwa mabwawa, migahawa na burudani za kila jioni. Hoteli ndogo haiwezi. Yenye vyumba kumi au ishirini hutegemea ufukwe ulio mbele yake, na ufukwe huo usipokufaa hakuna kingine cha kukuliwaza.

Kwa hiyo makala haya yanashauri utaratibu mmoja: chagua pwani, kisha majira, kisha hoteli, na maswali yote yaulizwe kabla pesa hazijatoka mfukoni. Anayeifanya kazi hiyo akiwa nyumbani ndiye anayepumzika akifika. Ushauri huu unawahusu wasomaji wa Afrika Mashariki wanaoiwekea akiba safari ya fungate au ya kustaafu, na pia ndugu zetu walioko Uingereza, Canada na Marekani, ambao kwao kisiwa hiki kiko umbali wa ndege moja tu.

Pwani tatu, mapumziko matatu

Pepo za Barbados huvuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima. Ukilijua hilo, umeshaielewa ramani ya kisiwa.

Pwani ya magharibi imekingwa na upepo huo, na inatazama Bahari ya Karibi. Maji yake ni tulivu siku nyingi, na jua huzama mbele ya macho ya wageni. Hapa ndipo ulipo mji wa Holetown, mahali Waingereza walipoanzisha makazi yao ya kwanza mwaka 1627, na hapa ndipo penye hoteli ghali kuliko zote kisiwani. Mwenye bajeti ya wastani asikate tamaa: akielekea kaskazini, karibu na mji wa Speightstown, atapata nyumba ndogo za wageni na vyumba vyenye jiko kwa bei nafuu zaidi, na barabara zenye kelele kidogo. Pwani hii inawafaa wazee, familia zenye watoto, na wale wanaotaka kupiga mbizi ya juujuu kuangalia samaki na kasa. Karibu na Holetown kuna hifadhi ya bahari ya Folkestone, iliyotengwa tangu mwaka 1981.

Pwani ya kusini ina mawimbi ya wastani, upepo mzuri na watu wengi zaidi. Maeneo ya Hastings, Rockley na Worthing yana hoteli nyingi ndogo, maduka, benki, na usafiri wa umma unaopita kila baada ya dakika chache. Kutoka Hastings hadi ufukwe wa Rockley, ambao wenyeji huuita pia Accra, kuna njia ya miguu iliyojengwa kandokando ya bahari, na wenyeji huitumia kwa matembezi ya asubuhi na jioni. Asiyetaka kukodi gari akae hapa. Awe mwangalifu na jambo moja: eneo la St Lawrence Gap ni la baa na kumbi za muziki. Likiwa ndilo unalolitaka, vizuri. Ukitafuta usingizi, uliza hoteli iko umbali gani kutoka hapo.

Pwani ya mashariki inapigwa na Bahari ya Atlantiki moja kwa moja. Kijiji cha Bathsheba kina miamba mikubwa iliyosimama majini, mawimbi yanayowavutia wateleza-mawimbi kutoka duniani kote, na ukimya usiopatikana kwingine kisiwani. Haifai kuogelea baharini huku. Kinachowezekana ni kukaa katika vidimbwi vilivyo kati ya miamba wakati maji yamekupwa, na hata hapo ufuate ushauri wa wenyeji. Anayekwenda kusoma, kuandika, kutembea na kulala atapapenda. George Lamming, mwandishi mkubwa wa Barbados aliyefariki mwaka 2022, aliishi miaka mingi katika hoteli ndogo ya Atlantis iliyoko pwani hii. Riwaya yake In the Castle of My Skin ilitoka mwaka 1953, ikamgusa sana Ngũgĩ wa Thiong'o, naye akaichambua katika kitabu chake Homecoming cha mwaka 1972. Msomaji anayetaka kitabu cha kubeba safarini aanze na riwaya hiyo ya Lamming.

Kuna tofauti moja itakayomshangaza aliyezoea Paje, Watamu au Diani. Kwetu bahari hupwa na kujaa kwa mita tatu au nne siku za bamvua, na mgeni hupanga kuogelea kwa kufuata maji. Barbados tofauti ya maji kupwa na kujaa ni kama mita moja au pungufu. Ufukwe mzuri wa saa mbili asubuhi unabaki kuwa mzuri saa nane mchana.

Uende lini

Msimu wa juu ni kuanzia katikati ya Desemba hadi katikati ya Aprili. Wakati huo mvua ni chache, upepo ni mzuri, na bei hupanda kwa sababu watu wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini wanakimbia baridi. Hoteli ndogo hujaa mapema, nyingine miezi mingi kabla.

Kuanzia Mei bei hushuka. Joto halibadiliki sana, kwani mwaka mzima linacheza kati ya nyuzi 24 na 31 hivi, lakini mvua huongezeka kuanzia Juni. Msimu rasmi wa vimbunga ni Juni 1 hadi Novemba 30, na kilele chake ni Agosti hadi Oktoba. Barbados iko mashariki na kusini kidogo ya njia ambayo vimbunga vingi hupita, hivyo hunusurika mara nyingi kuliko majirani zake. Kunusurika mara nyingi si kinga. Kimbunga Janet kilikipiga kisiwa mwaka 1955, Elsa kikafuata Julai 2021, na Julai 1, 2024 kimbunga Beryl kilipita kusini na kuharibu sehemu kubwa ya mashua za wavuvi. Ukienda miezi hiyo, nunua bima ya safari mapema. Bima inayonunuliwa baada ya kimbunga kutangazwa na kupewa jina kwa kawaida haikilipii kimbunga hicho.

Jambo la pili la majira ni mwani unaoitwa sagasamu. Ni mwani wa rangi ya kahawia unaoelea, na tangu mwaka 2011 umekuwa ukija kwa wingi kutoka katikati ya Atlantiki, zaidi kati ya Machi na Agosti. Hutua hasa pwani za mashariki na kusini. Magharibi hauji sana. Ukioza hutoa gesi yenye harufu ya yai viza, na mwenye pumu hapaswi kukaa karibu nao. Kuna miaka unakuja mwingi na miaka unakuja kidogo, kwa hiyo waulize wenye hoteli hali ya wiki hiyo na uombe picha ya siku hiyohiyo.

Kwa anayetaka utulivu na bei ya wastani, mwisho wa Aprili na Mei, au wiki za mwanzo za Desemba, ni nyakati nzuri. Jihadhari na mwanzo wa Agosti: sikukuu ya Crop Over hufikia kilele Jumatatu ya kwanza ya mwezi huo kwa gwaride kubwa la muziki na mavazi. Inapendeza sana, lakini wakati huo vyumba ni adimu na mji haulali. Septemba na Oktoba baadhi ya hoteli ndogo hufunga kwa matengenezo.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Faida ya hoteli ndogo ni kwamba barua pepe yako mara nyingi husomwa na mwenye hoteli mwenyewe au meneja wake. Itumie faida hiyo. Muulize haya, na majibu yawe kwa maandishi:

1. Hoteli iko ufukweni hasa, au kuna barabara ya kuvuka? Barabara kuu za magharibi na kusini zina magari mengi, na mwenye watoto anahitaji kulijua hilo.
2. Mbele ya hoteli pana mchanga wa kuingilia majini, au pana ukuta na mawe? Sehemu nyingine mchanga umeliwa na bahari, na picha za mtandaoni ni za miaka ya nyuma.
3. Bei uliyopewa ni ya dola ya Barbados au ya Marekani? Ya pili ni mara mbili ya ya kwanza.
4. Je, bei hiyo imejumuisha kodi, tozo ya chumba na ada ya huduma? Vikiongezwa baadaye, jumla hupanda kwa kiasi cha kuuma.
5. Chumba kina kiyoyozi au feni tu, wavu wa mbu madirishani, na jiko dogo? Jiko dogo linaokoa pesa nyingi, kama tutakavyoona.
6. Usiku kuna mtu wa mapokezi? Hoteli nyingi ndogo hufunga ofisi jioni, na anayefika usiku hupewa namba ya kufungulia mlango.
7. Kuna ngazi ngapi hadi chumbani? Lifti ni nadra katika majengo madogo.
8. Kimbunga kikitangazwa, amana inarudishwa au safari inaahirishwa?
9. Siku ya kuondoka chumba kinatakiwa saa ngapi? Ndege nyingi za kurudi London huondoka jioni, ilhali vyumba hurudishwa kabla ya mchana. Omba mahali pa kuweka mizigo na bafu la kuogea kabla ya kwenda uwanjani.

Asiyejibu maswali haya, au anayejibu nusunusu, ameshakueleza jinsi atakavyokuhudumia ukipata tatizo. Tafuta mwingine.

Makaratasi ya safari

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki. Wengi hupitia London, ambako ndege huchukua takriban saa tisa hadi uwanja wa Grantley Adams ulioko kusini mwa kisiwa. Wengine hupitia Amsterdam, au miji ya Amerika ya Kaskazini kama New York, Miami na Toronto.

Raia wa nchi nyingi za Jumuiya ya Madola, zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda, huingia Barbados kwa matembezi bila viza. Wenye pasipoti za nchi nyingine waulize ubalozi au ofisi ya uhamiaji ya Barbados. Lakini kikwazo kikubwa kwa wasafiri wetu huwa njiani. Marekani inadai viza hata kwa anayebadilisha ndege tu bila kutoka uwanjani. Uingereza nayo inawadai raia wa nchi zetu viza ya kupitia, isipokuwa kwa masharti fulani, kama kuwa na viza halali ya Marekani au Canada. Masharti haya hubadilika, hivyo yathibitishe na shirika la ndege kabla ya kununua tiketi. Chagua njia kwa kuangalia viza kwanza, ndipo uangalie nauli.

Karatasi ya pili ni kadi ya njano. Barbados hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa wasafiri wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na nchi kadhaa za kanda yetu zimo. Chanjo ichomwe siku kumi au zaidi kabla ya safari. Tangu Julai 2016 cheti hicho kinatambuliwa kwa maisha yote ya mwenye nacho, kwa hiyo kadi ya zamani haihitaji kurudiwa. Beba kadi yenyewe, usitegemee picha kwenye simu.

Beba pia tiketi ya kurudi na anwani kamili ya hoteli. Afisa wa uhamiaji ataziulizia. Na kabla hujafunga begi, ondoa kila nguo yenye madoa ya kijeshi. Sheria ya Barbados inawakataza wasio askari kuvaa mavazi hayo, na katazo hilo linahusu pia watoto, kofia na mabegi.

Pesa, umeme na usafiri

Dola moja ya Marekani ni dola mbili za Barbados, na kiwango hicho hakijabadilika tangu mwaka 1975. Dola za Marekani hupokelewa karibu kila mahali, lakini chenji utapewa ya Barbados. Kabla ya kupanda teksi au kukodi kiti cha ufukweni, taja sarafu pamoja na bei. Teksi hazina mita. Nauli hukubaliwa kabla ya mlango kufungwa.

Umeme ni wa volti 115, nusu ya wa kwetu, na soketi ni za pini mbili bapa kama za Marekani. Chaja za simu na kompyuta zilizoandikwa 100–240 hazina shida. Pasi na mashine ya kukaushia nywele ya nyumbani iache.

Magari hupita kushoto, kama Kenya na Tanzania. Anayekodi gari hulipia kibali cha muda cha udereva, na kampuni ya kukodisha humpatia papo hapo. Kwa anayekaa magharibi au kusini gari si lazima. Kuna mabasi ya serikali ya rangi ya buluu yenye mstari wa njano, mabasi madogo ya binafsi ya njano yenye mstari wa buluu, na magari meupe yenye mstari wa rangi ya damu ya mzee, yanayojulikana kwa herufi ZR za namba zao. Nauli ya magari yote haya ni moja, na katika miaka ya karibuni imekuwa dola tatu na nusu za Barbados. Aliyepanda daladala au matatu hatapotea ndani ya ZR: kuna utingo, kuna muziki, na kuna kubanana.

Usalama wa bahari na wa afya

Ogelea mbele ya mlinzi wa ufukwe kila inapowezekana, na tii bendera: nyekundu maana yake usiingie. Ukivutwa na mkondo kwenda kilindini, usishindane nao kwa kuogelea kuelekea pwani. Elea, punguza hofu, ogelea sambamba na ufukwe hadi utoke kwenye mkondo, kisha ndipo urudi. Pwani ya mashariki hata waogeleaji wazuri wamepoteza maisha, na uhodari wa mtu hauzuii hilo.

Ujue mti wa manchinili. Huota kandokando ya fukwe na kutoa kivuli kizuri, lakini utomvu wake mweupe huchoma ngozi na macho, na matunda yake, yanayofanana na tofaa dogo la kijani, ni sumu. Usijikinge na mvua chini yake, kwa kuwa maji yanayodondoka kwenye majani huchukua utomvu huo. Miti mingi imewekewa kibao cha onyo au imepakwa alama nyekundu shinani. Waonyeshe watoto siku ya kwanza.

Maji ya bomba Barbados ni salama kunywa; huchujwa kiasili na mwamba wa chokaa uliojenga kisiwa. Malaria haipo, lakini mbu wa mchana hueneza dengi, hivyo dawa ya kujipaka ibebwe. Kuna jambo la ziada kwa anayetoka kwetu: ukipata homa ukiwa kule, mwambie daktari mara moja kwamba umetoka nchi yenye malaria. Daktari asiyeambiwa huenda asiifikirie. Namba za dharura ni 211 kwa polisi, 311 kwa zimamoto na 511 kwa gari la wagonjwa.

Kasa nao wanastahili tahadhari yako. Ng'amba hupanda fukwe za magharibi na kusini kutaga, zaidi kati ya Mei na Oktoba. Taa za vyumba huwapotosha watoto wa kasa wanaotafuta bahari. Funga pazia usiku, usimulike kwa tochi, na usimguse wala kumlisha kasa unayemkuta majini.

Salamu kabla ya swali

Wenyeji wa Barbados hushika adabu ambayo Mswahili ataielewa bila kufundishwa: husalimia kwanza. Unapoingia dukani, ndani ya basi au kwenye chumba cha mapokezi, watakie waliomo asubuhi njema au jioni njema kwa Kiingereza, ndipo useme shida yako. Anayeanza na swali huonekana hana malezi, na hupata huduma ya shingo upande. Wauzaji wa ufukweni nao wasalimie. Ukiwa huhitaji kitu, kataa kwa upole na watakuacha.

Nguo za kuogelea ni za ufukweni tu. Ukienda dukani au mjini, jifunike. Kuoga uchi au kifua wazi kwa wanawake ni kosa kisheria.

Fukwe zote za Barbados ni mali ya umma. Hoteli yako haina haki ya kumfukuza mwenyeji mbele ya viti vyake, na wewe una haki ya kuutembea mchanga ulio mbele ya hoteli ya kifahari. Kwa mwenye bajeti ndogo hilo ni neema kubwa: unaweza kulala chumba cha bei nafuu mitaa miwili nyuma ya bahari, na ukaogelea ufukwe uleule anaouogelea tajiri.

Chakula

Kisiwa huagiza sehemu kubwa ya chakula chake kutoka nje, na ndiyo sababu mkahawa wa hoteli una bei kali. Wenye jiko dogo chumbani wanunue mayai, mkate na matunda dukani, wajipikie chai ya asubuhi, na pesa wazielekeze kwenye mlo mmoja mzuri kwa siku.

Mlo wa taifa ni kuku-kuu na panzi wa baharini, yule samaki anayeruka juu ya maji. Kuku-kuu ni unga wa mahindi uliosongwa na bamia kwa mwiko hadi ukashikana, na mla ugali atajiona yuko nyumbani. Jaribu pia shelisheli la kuchoma, jodari na fulusi wa kukaanga, na maji ya dafu yanayouzwa kandokando ya barabara. Ijumaa jioni nenda Oistins, mji wa wavuvi wa kusini, ambako samaki huchomwa mbele yako na watu wa rika zote hukaa meza moja.

Msomaji Mwislamu aulize viungo. Nyama ya nguruwe ni ya kawaida, hasa Jumamosi, na ramu hutiwa hata kwenye keki. Kuna jamii ya Waislamu yenye asili ya Gujarat iliyokaa kisiwani kwa vizazi kadhaa, na ina misikiti Bridgetown, mji mkuu. Huko ndiko kwa kuuliza nyama ya halali.

Siku zenyewe zitumike vipi

Saa za Barbados ziko nyuma ya zetu kwa saa saba: saa sita mchana kule ni saa moja usiku Nairobi. Maana yake ni kwamba siku za mwanzo utaamka saa tisa au kumi usiku ukiwa macho makavu. Usipambane na hali hiyo. Jua huchomoza kati ya saa kumi na moja na nusu na saa kumi na mbili na nusu, na hiyo ndiyo saa ambayo wazee wa kisiwa hushuka ufukweni kuoga baharini na kuzungumza wakiwa ndani ya maji hadi shingoni. Wasalimie, ujiunge nao. Hakuna saa bora zaidi: jua halijawa kali, bahari ni safi, na watalii wengine wamelala.

Kuanzia saa nne hadi saa tisa kaa kivulini. Jua la nyuzi 13 kaskazini mwa ikweta huunguza ngozi nyeusi pia, hasa mgongo wa anayeelea juu ya maji akiangalia samaki. Vaa fulana ndani ya maji.

Kwa wiki moja, jiwekee safari moja tu ya kutoka mbali na ufukwe. Kwa Mwafrika, safari hiyo inafaa kuwa ya historia. Katika eneo la Garrison, kambi ya kijeshi iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2011 pamoja na mji wa Bridgetown, kuna jumba la makumbusho ndani ya jengo lililokuwa gereza la askari. Nje ya mji, penye mzunguko wa barabara, imesimama sanamu ya mtu aliyekata minyororo. Ilichongwa na Karl Broodhagen na kuzinduliwa mwaka 1985; wenyeji huiita Bussa, jina la mtumwa aliyeongoza uasi wa mwaka 1816. Mchanga huu tunaopumzikia ulikuwa mpaka wa mashamba ya miwa yaliyolimwa na watu waliotekwa Afrika, na wengi wa wanaotukaribisha leo ni vitukuu vyao. Anayelijua hilo hukaa kisiwani kama mgeni mwenye heshima.

Siku zilizobaki ziache tupu. Watu wengi hujaza mapumziko kwa ziara hadi wanarudi kazini wamechoka kuliko walivyoondoka, na katika hoteli ndogo hakuna wa kukusukuma kufanya hivyo ila wewe mwenyewe.

Pa kuanzia

Miezi sita kabla, chagua pwani na majira, na uangalie viza ya njia utakayopita. Miezi minne kabla, waandikie wenye hoteli watatu maswali tisa yaliyotajwa hapo juu, na umchague aliyejibu vizuri. Ukishaweka amana, nunua bima siku hiyohiyo. Mwezi mmoja kabla, hakikisha kadi ya njano iko mkononi. Wiki moja kabla, uliza hali ya mwani na uchapishe anwani ya hoteli. Siku chache kabla ya kuondoka, jaza fomu ya kuingilia kwenye tovuti ya serikali ya Barbados. Ukiyamaliza hayo, hakuna kazi itakayokusubiri kisiwani.